Semina, vipindi vya kila wiki, au kufuatana na mzoefu: njia ipi ya kumfundisha mlezi wa kundi la wasichana?

Shehia ikishapata wanawake sita au saba walio tayari kulea kundi la wasichana kwa kujitolea, kamati hugawika. Mmoja anataka semina ya siku tatu, mambo yaishe mara moja. Mwengine anataka wakutane kila Jumamosi mpaka miezi miwili ipite. Wa tatu anasema hakuna haja ya darasa, mgeni atiwe pamoja na mlezi mzoefu, atajifunza kwa macho. Njia zote tatu zinafaa Unguja na Pemba, na zote tatu huharibika, kila moja kwa namna yake. Hapa tunaziweka ubavu kwa ubavu ili kamati ya shehia, skuli au jumuiya ichague ikiwa inajua inaingia wapi.

Kwanza kipimo

Huwezi kulinganisha njia za mafunzo kama hukubaliani na wenzako mafunzo yanatafuta nini. Kwetu sisi jibu ni moja: mlezi ajue kunyamaza kwa wakati, ili wasichana waamue, watende, wakosee kidogo na wasahihishe wenyewe. Uongozi haumwingii msichana kwa kusikiliza mhadhara wa uongozi. Unamwingia kwa kuwa na jambo mikononi mwake ambalo likiharibika yeye ndiye wa kulitengeneza.

Kipimo chake ni karatasi moja na dakika kumi. Mtu akae pembeni ya mkutano wa wasichana, agawe karatasi pande mbili: mlezi huku, wasichana kule. Kila anapozungumza mlezi, anapiga mstari mmoja. Kila anapozungumza msichana, anaandika herufi mbili za mwanzo za jina lake. Kwa mlezi asiyefundishwa, upande wake hujaa mistari na upande wa pili utakuta majina mawili matatu yale yale yakijirudia. Baada ya mafunzo yaliyofaa, kufikia mkutano wa nne au wa tano, wasichana wawe wamepita nusu ya mazungumzo yote na angalau theluthi mbili ya waliohudhuria majina yao yaonekane. Karatasi hiyo itunzwe. Tutairejea.

Kitu chenyewe kinaonekana hivi. Wasichana sita wamekaa juu ya mkeka nyuma ya skuli, wanapanga usafi wa eneo la kisima. Wamekwama: mafagio yapo mawili tu. Mmoja anageuka, "Mwalimu, tufanye vipi?" Mlezi ambaye hajafundishwa anajibu pale pale: kila mtu aje na fagio la kwao, na wewe Asha uandike majina. Sekunde tano, limekwisha, na wasichana wamejifunza kwamba jibu liko kwa mtu mzima. Mlezi aliyefundishwa anasema, "Nyinyi wanangu mnaonaje?" kisha anahesabu moyoni mpaka kumi. Sekunde kumi za kimya ni ndefu mno kwa mtu aliyezoea kusomesha, na wengi huvunja kimya hicho kwenye tatu au nne. Akivumilia, kwenye saba au nane atasikia sauti ya yule asiyezungumza kamwe: "Kwa bibi yangu yapo ya chelewa." Na hapo mkutano umeanza.

Ugumu wa jambo hili kwetu una mizizi. Tumelelewa tukimjua somo, mwanamke mzima anayemkalisha kitako binti na kumpa maneno ya utu uzima, na binti akasikiliza. Kazi ya somo ina heshima yake na mahali pake. Mlezi wa kundi ana kazi nyengine: yeye huuliza, somo huambia. Mwanamke anayejitolea anapoingia kundini bila kuelezwa tofauti hii, hufanya kile anachokijua, na hufanya kwa mapenzi kabisa. Kwa hiyo elezeni tofauti hiyo siku ya kwanza, kwa njia yoyote mtakayochagua, na muieleze kwa adabu bila kuwadharau masomo.

Kuna pia ngazi ya ushiriki wa watoto aliyoichora mtafiti Roger Hart mwaka 1992, yenye vidato nane. Vidato vitatu vya chini amevihesabu kuwa si ushiriki: watoto kutumiwa, watoto kuwa pambo, na watoto kuwekwa ili ionekane tu kuwa wapo. Kila anayejua shughuli zetu atakitambua kidato cha pili: wasichana wamepangwa mstari juani, sare zimepigwa pasi, wanamwimbia mgeni rasmi wimbo walioandikiwa na mtu mwengine. Mchoro wa ngazi hii ubandikwe ukutani katika mafunzo yoyote. Unaeleweka kwa dakika ishirini na unakumbukwa.

Yanayotakiwa katika njia yoyote

Mambo ni haya: kugawa kundi, kuuliza na kusubiri, mzunguko wa kupanga, kutenda na kutafakari, usalama wa mtoto, mazungumzo na wazazi, na daftari la fedha. Kugawa kundi kuna hesabu yake. Wasichana 24 hugawiwa makundi manne ya sita sita, kila kundi lina kiongozi waliyemchagua wenyewe na naibu wake, na uongozi huzunguka baada ya wiki sita hadi nane. Girl Guides, jumuiya ya wasichana walioanza Uingereza mwaka 1910, wamefanya kazi kwa makundi madogo ya namna hii kwa zaidi ya karne, na sababu ni ya kawaida kabisa: katika watu sita huwezi kujificha, katika 24 unaweza. Daftari la fedha nalo liwe kwa wasichana. Mweka hazina wa miaka 14 anayeandika shilingi zilizoingia na zilizotoka, mlezi akikagua mara moja kwa mwezi, anajifunza zaidi kuliko vipindi vitatu vya nadharia.

Sasa njia zenyewe.

Semina ya siku tatu

Saa sita za kusomesha kila siku, jumla 18. Washiriki 12 hadi 16 na wakufunzi wawili. Wakizidi 16, wanyamavu hawafikiwi. Mahali panapofaa ni darasa la skuli wakati wa likizo. Milo ya mchana kwa watu 18 kwa siku tatu ni 54, na chai mara mbili kwa siku. Ikiwa ya kulala, ongezeni malazi ya usiku mbili, vyumba vya wanawake peke yao, na muda wa kutosha wa kuomba ruhusa nyumbani. Mke aliyeambiwa siku mbili kabla mara nyingi hatakuja, na si kwa kuwa hataki.

Nguvu ya semina ni umbali. Anayetoka Tumbatu au Kojani anapanda chombo mara moja kwenda na mara moja kurudi. Nguvu ya pili ni kuwa kanuni za usalama zinasikiwa na wote kwa maneno yale yale, siku ile ile, na hakuna atakayesema yeye aliambiwa vyengine. Ya tatu ni ujirani: mlezi wa Micheweni anamjua wa Mkoani, na siku akikwama ana wa kumpigia.

Kasoro zake ni kubwa. Mazoezi huwekwa siku ya tatu, na siku ya tatu ndiyo watu huanza kuangalia saa tangu adhuhuri kwa ajili ya gari za shamba na vyombo. Kwa hiyo kile chenye faida kuliko vyote ndicho kinachokatwa. Tena mazoezi yenyewe hufanywa watu wazima kwa watu wazima, mmoja akijifanya msichana wa miaka 12. Mtu mzima anayejifanya mtoto hujibu haraka, haoni haya wala hachoki, na mlezi anarudi kwao akidhani kuuliza swali ni jambo jepesi. Wiki inayofuata anakabiliana na wasichana wenyewe, wamenyamaza kimya wanamtazama, na anarudia alichokizoea: kuhutubia.

Dawa ipo. Asubuhi ya siku ya pili waleteni wasichana wa kweli, 12 kwa washiriki 16, kwa barua za wazazi na wakifuatana na mlezi wao. Gawanyeni makundi mawili, kila mshiriki aongoze dakika kumi, mwenzake apige mistari kwenye karatasi. Saa mbili na nusu zinatosha, na zina thamani kuliko siku nzima ya michoro ukutani.

Kisha posho. Hili tunalisema wazi kwa sababu limeua makundi mengi mazuri. Posho ikipita nauli na chakula, kamati haitajua kamwe nani amekuja kwa ajili ya wasichana. Na tatizo halimaliziki kwenye semina. Aliyelipwa siku tatu za kukaa darasani atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini halipwi Jumamosi ya kundi, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Jibu hamtakuwa nalo. Rudisheni nauli halisi ya kila mtu, mahali atokako paandikwe kwenye orodha inayoonekana na wote, toeni chakula kizuri, na tangazeni utaratibu huo kabla watu hawajajiandikisha. Wachache watajitoa. Ni afadhali wajitoe wakati huo kuliko mwezi wa pili, wasichana wakiwa wameshawazoea.

Vipindi vya kila wiki

Vipindi vinane vya saa mbili na nusu, jumla saa 20, kwa watu wanane hadi kumi. Ndani ya kipindi: dakika 30 za kusikiliza taarifa ya kila mmoja kuhusu kazi ya wiki iliyopita, dakika 60 za somo jipya, dakika 45 za mazoezi, na dakika 15 za kukubaliana kazi ya wiki ijayo. Angalieni kuwa saa zake zinakaribiana na za semina. Tofauti iko kwenye siku sita za katikati. Mlezi anafundishwa kuuliza na kusubiri Jumamosi hii, anakwenda kujaribu na wasichana, anashindwa, na Jumamosi ijayo anarudi na kushindwa kwake. Hapo ndipo anapofundishika. Aliyekwisha kushindwa husikiliza kwa sikio jengine kabisa.

Ndiyo maana zile dakika 30 za mwanzo zisiliwe na uchelewaji wala na hotuba za ufunguzi. Kila mtu ajibu mambo matatu: nilifanya nini, wasichana walifanya nini, wapi nilikwama. Mkufunzi asijibu kwanza, awaulize wengine. Akijibu yeye kila mara, anawafundisha kinyume cha somo lake mwenyewe.

Njia hii huvunjika kipindi cha nne au cha tano. Mwanzo kuna hamu, mwisho kuna cheti, katikati kuna misiba, harusi na watoto wenye homa. Msipange wiki nane mfululizo. Pangeni vipindi vinane ndani ya wiki 12, na kila mshiriki awe na mwenza wa karibu na kwao atakayempitishia somo alilolikosa. Anayekosa viwili anasubiri duru ijayo. Siku ya usalama wa mtoto haisamehewi hata kidogo: aliyeikosa hakutani na wasichana mpaka aifanye.

Gharama hudanganya hapa. Chai na mandazi huonekana rahisi mbele ya pilau la semina, lakini hesabuni nauli. Anayepanda gari mbili kuja na mbili kurudi, kwa vipindi vinane amepanda mara 32. Kwa watu kumi ni mara 320. Ikiwa walezi wote wanatembea kwa miguu kutoka shehia mbili zinazopakana, njia hii ni rahisi kuliko zote. Wakitawanyika wilaya nzima, inakuwa ghali kuliko semina.

Kufuatana na mlezi mzoefu

Mikutano sita ya saa mbili, na nusu saa kabla na nusu saa baada ya kila mmoja: saa 18 tena. Mkutano wa kwanza na wa pili mgeni anatazama, karatasi ya mistari mkononi. Wa tatu anaongoza dakika 15, kwa kawaida ufunguzi au mchezo. Wa nne anaongoza nusu. Wa tano anaongoza wote, mzoefu amekaa nyuma. Wa sita anaongoza akiwa na mtu mzima mwengine, na mzoefu anafika mwisho tu kusikiliza wasichana wanasemaje.

Mzoefu mmoja asichukue wanafunzi zaidi ya wawili. Nusu saa ya kabla ni ya kukubaliana: leo unajaribu jambo gani moja? Nusu saa ya baada ni ya kusahihisha, wasichana wakishaondoka. Mlezi akisahihishwa mbele yao, heshima yake kwao inapungua. Utaratibu wa kusahihisha ni mambo mawili aliyoyaona mzoefu, yaliyotokea kweli ("ulipouliza kuhusu mafagio ulisubiri, Zuhura akazungumza"), na swali moja. Maneno kama "umefanya vizuri" hayamfundishi mtu kitu.

Katika hizi tatu, hii ndiyo inayomweka mgeni mbele ya wasichana mapema kuliko zote, na ndiyo tunayoipenda pale inapowezekana. Lakini ina sharti gumu: awepo mzoefu anayestahili kufuatwa. Mgeni hurithi kila kitu. Mzoefu akiwa na mkono wa kuwakatiza wasichana, baada ya miezi mitatu mtakuwa na wakatizaji watatu. Na kwa adabu zetu mgeni hatamwambia Bi Mkubwa kuwa hapa hatukukubaliana. Kwa hiyo pimeni mzoefu kwa karatasi ile ile kabla hamjampa mwanafunzi, na kila mgeni ahudhurie angalau mkutano mmoja wa kundi jengine ili ajue kuwa ipo namna nyengine.

Kuna tatizo dogo linalosahauliwa, nalo ni macho. Mgeni anapoongoza, wasichana humtazama mzoefu kabla ya kujibu, wakisoma uso wake. Mzoefu akae nyuma ya migongo yao, afanye kazi ya mikono, asitikise kichwa. Akikaa mbele, mgeni hajaongoza, amesoma tu ratiba kwa sauti.

Kwa kuangalia haraka

| | Semina | Kila wiki | Kufuatana |
|---|---|---|---|
| Jumla ya saa | 18 | 20 | 18 |
| Muda hadi kumaliza | siku 3 | wiki 12 | mikutano 6 |
| Walezi kwa mara moja | 12–16 | 8–10 | 1–2 kwa kila mzoefu |
| Gharama kubwa | chakula, malazi | nauli | muda wa mzoefu |
| Anakutana na wasichana | baadaye, mkiacha kuwaleta | kuanzia wiki ya pili | siku ya kwanza |
| Huvunjika | siku ya tatu, na baada ya kurudi | kipindi cha 4 au 5 | mzoefu akiwa na kasoro |

Walezi wenu ni akina nani?

Walimu wa skuli hufika na faida ya kujua watoto na hasara ya ubao. Wao wanahitaji kufuatana, kwa sababu tatizo lao liko kwenye mazoea ya mwili: kusimama mbele, kuuliza swali lenye jibu moja, kumpa nafasi aliyenyoosha mkono. Semina haiondoi hayo; wanakaa ndani yake kama nyumbani.

Wasichana waliomaliza kidato cha nne au cha sita, wa miaka 19 hadi 24, wasichana wadogo huwapenda mara moja na huwaita dada. Udhaifu wao uko mlangoni kwa wazazi. Baba anauliza, "Mnawafundisha nini watoto wetu?" na dada anababaika. Semina iliyochanganya umri huwasaidia, kwa kuwa wanakaa na wanawake wakubwa na kufanya zoezi la kubisha hodi, kusalimia, kueleza kundi kwa sentensi tatu na kutaja saa ya kurudi nyumbani. Saa ya kurudi ndiyo inayofungua milango. "Kabla ya magharibi, na tunawafuatisha wanaokaa mbali" hutuliza zaidi kuliko maelezo marefu ya haki za mtoto.

Mama mwenye mtoto mchanga asipangiwe semina ya kulala. Kila wiki au kufuatana, na mtu wa kumshikia mtoto awe kwenye bajeti kama ilivyo chai.

Kalenda ya bahari na ya shamba

Mipango mingi iliyoandikwa ofisini hufa hapa. Wanawake wengi wanaojitolea pwani ya mashariki ya Unguja na kaskazini ya Pemba ni wakulima wa mwani, na mwani huenda na bamvua. Siku za bamvua maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo kuanzia saa mbili mpaka saa saba hivi wako baharini. Mkutano wa saa tatu hautawapata, hata muwapigie simu mara ngapi. Siku za maji mafu, maji yasipopwa sana, asubuhi zao ni huru. Bamvua na maji mafu hupokezana kila wiki, basi Jumamosi mbili zinazofuatana, moja kwa kawaida itakuwa na bahari na nyengine haina. Angalieni mwezi: karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa kiislamu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua, kuanzia tarehe 7 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Vipindi vya kila wiki katika shehia ya mwani viwe vya kila wiki mbili, au Jumamosi ya bamvua visogezwe alasiri.

Pemba msimu wa karafuu ukiingia, nyumba nzima iko mashambani mchana na kwenye majamvi usiku, wanawake na watoto wakitenga makonyo. Msianze duru yoyote wakati huo. Masika barabara za ndani hukatika. Ramadhani ni mapumziko, lakini Shaaban ni mwezi mzuri wa kumalizia kilichobaki.

Upande wa wasichana, vyuo vingi vya Kurani hupumzika Ijumaa na vyengine huanza Alhamisi, hivyo Alhamisi alasiri ni saa ya kuulizia kabla hamjaigombea Jumamosi na kazi za nyumbani. Zungumzeni na mwalimu wa chuo mapema. Akiwa upande wenu, wazazi wanafuata.

Usalama: siku moja, ana kwa ana, kwa wote

Hapa hatulinganishi. Chochote mtakachochagua, siku moja kamili iwe ya hili, mkufunzi na walezi wakiwa chumba kimoja. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya mwaka 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kundi lenu karibu lote limo humo.

Kanuni ya kwanza: watu wazima wawili katika kila mkutano, na hakuna mlezi anayebaki peke yake na msichana mmoja mahali pasipoonekana. Mazungumzo ya siri yafanyike mbali na masikio, mbele ya macho. Ya pili: mlezi haahidi kutunza siri. Msichana akisema "usimwambie mtu", jibu la kufanyia mazoezi ni: "Nitamwambia yule tu anayeweza kukusaidia, na nitakwambia kwanza ni nani." Ya tatu: mlezi hachunguzi. Anasikiliza, anaandika maneno ya msichana kama yalivyosemwa, siku ile ile, na anapeleka. Akianza kuhoji, kuita jamaa au kupatanisha, ushahidi unapotea na mtoto anabanwa. Kila mlezi awe na karatasi yenye namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wa wilaya yake, mahali kilipo kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachowahudumia waliodhalilishwa) kilicho karibu, na 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto.

Kabla ya mafunzo kuna kuchuja: barua ya sheha wa anakoishi, wadhamini wawili wasio ndugu zake, na mwezi mmoja wa majaribio. Msione haya kumkatalia mtu. Mwanamme anaweza kualikwa kufundisha ufundi fulani, mlezi wa kike akiwepo muda wote.

Tungechagua nini

Kwa shehia yenye mzoefu mmoja au wawili wanaopita kipimo cha karatasi: siku moja ya usalama, kisha kufuatana mikutano sita, kisha jioni moja ya wote kuonyeshana karatasi zao. Kwa shehia isiyokuwa na mzoefu lakini walezi wanakaa karibu: vipindi vinane ndani ya wiki 12. Semina ibaki kwa wilaya nzima inayoanza upya, au visiwa vidogo, na kwa sharti mbili: wasichana waletwe siku ya pili, na tarehe ya mkufunzi kumtembelea kila mlezi kundini kwake iandikwe kabla ya cheti kutolewa. Isiyo na ziara hiyo, fedha yake heri mnunue mikeka na madaftari.

Kuna wanaouliza kama masomo ya sauti kwenye WhatsApp yanaweza kuchukua nafasi ya haya. Yanafaa kwa kukumbusha na kwa taarifa za wiki, sauti zisizozidi dakika mbili. Kunyamaza sekunde kumi hakufundishiki kwa simu. Na picha za wasichana zisipandishwe humo.

Miezi mitatu baada ya kumaliza, mtu aende tena na karatasi, dakika kumi, bila kumwambia mlezi atahesabu nini. Aiweke ubavu wa ile ya kwanza. Mistari ya mlezi ikiwa imerudi kuwa mingi, msimwite kwenye semina nyengine; mpeni mwenza wa kukaa naye mikutano miwili, na mwezi unaofuata mhesabu tena.